Diski Kubwa Si Diski ya Haraka: Namna ya Kuchagua Hifadhi ya Seva ya Kanzidata

Hapa Tanga mtandao husingiziwa mengi. Risiti ikichelewa kutoka, utaambiwa ni mtandao. Mwanachama wa ushirika wa akiba na mikopo akiambiwa arudi mchana kuangalia salio lake, ni mtandao. Mama aliyempakata mtoto kwenye benchi la zahanati, akisubiri faili lifunguke kwenye kompyuta, naye ataambiwa kwa upole kwamba mtandao unasumbua. Kazi yangu ni kutunza seva, na mara nyingi nikiitwa nakuta mtandao ni mzima kabisa. Kinachoelemewa ni diski, na diski yenyewe haijaharibika. Ilichaguliwa vibaya tangu siku iliponunuliwa.

Juzi niliitwa kwenye duka la jumla la dawa kule Ngamiani. Ilikuwa saa nne asubuhi, wateja wamejaa mpaka barazani, wengi wao wenye maduka madogo waliotoka Muheza na Pangani na kila mmoja anataka kuwahi gari. Keshia alikuwa anabonyeza kitufe cha kuhifadhi mauzo, kisha anakunja mikono na kutazama kiduara kikizunguka kwenye skrini. Nikapima kwa saa ya simu: sekunde 9 kwa risiti moja. Seva ilikuwa chini ya meza, nyuma ya maboksi ya dripu. Taa ya diski yake haikuwa ikipepesa tena, imewaka moja kwa moja, na ukiinama unasikia krr, krr, krr, kama panya kwenye gunia la mahindi.

"Mwanangu, mimi hapa sielewi," mwenye duka akaniambia. "Diski hii ni ya terabaiti 8. Data yetu yote haifiki gigabaiti 60. Nafasi tele! Itazidiwaje?"

Sikumlaumu. Dukani alikoinunua aliulizwa swali moja tu: unataka ya ukubwa gani? Na swali hilo ndilo tunaloulizana wote, kuanzia simu za mkononi mpaka seva za taasisi. Kwa picha na video linatosha. Kwa kanzidata, ukubwa ndilo jambo la mwisho kuangalia.

Kwanza tuelewane majina. Kanzidata, ambayo wengine huiita hifadhidata, ni kumbukumbu zilizopangwa na kusimamiwa na programu maalumu kama PostgreSQL, MySQL au SQL Server, ili watu wengi wasome na kuandika kwa wakati mmoja bila kuharibiana. Seva ni kompyuta inayoihudumia programu hiyo na wote wanaoitegemea. Voliumu ni kipande cha hifadhi ambacho seva inakiona kama diski moja. Huenda ndani yake mna diski halisi moja, huenda mna diski nne zilizounganishwa, au huenda ni nafasi uliyokodi kwenye wingu, yaani kwenye majengo ya kampuni fulani yaliyojaa kompyuta, mbali na hapa. Seva haijui tofauti. Wewe unayelipa ndiye unayepaswa kuijua.

Sasa tutazame kanzidata inavyofanya kazi na diski, maana hapa ndipo kila kitu kinapoanzia.

Ukihifadhi filamu, diski inaandika mfululizo, kama mtu anayetembea barabara iliyonyooka. Kanzidata haitembei hivyo. Hugawa data yake katika kurasa ndogo ndogo: PostgreSQL na SQL Server hutumia kurasa za kilobaiti 8, MySQL ya kawaida hutumia za kilobaiti 16. Keshia akiuza panadoli, programu itaufuata ukurasa wa bidhaa, ukurasa wa bei, ukurasa wa mteja na ukurasa wa stoo, na kurasa hizo zimetawanyika huku na huko. Kila mmoja ni mdogo sana. Kinachochosha ni kuzurura.

Kuna na jambo la pili. Wenye maduka ya mtaani wanalijua: mteja akikopa, unaandika haraka kwenye daftari la kaunta, tarehe, jina, kiasi, mstari chini ya mstari. Jioni ukitulia ndipo unahamishia kwenye kitabu kikubwa, kila mteja kwenye ukurasa wake. Kanzidata hufanya vivyo hivyo. Muamala haukubaliwi mpaka uwe umeandikwa kwenye daftari la kaunta na diski ikajibu, "Nimeandika." Kurasa zenyewe huhamishiwa mahali pake baadaye. Daftari hilo ndilo linaloiokoa kanzidata umeme ukikatika katikati ya kazi. Seva ikiwaka tena, programu hulisoma na kumalizia palipobaki.

Kwa hiyo kila mara keshia anapobonyeza kuhifadhi, kuna mtu anasimama na kusubiri jibu la diski. Muda wa jibu hilo ndio mteja anaouona kaunta.

Wenyeji wa Tanga wanazijua namba za diski bila kufundishwa, kwa sababu bandari yao imewafundisha. Kwa miaka mingi meli kubwa hazikuweza kufunga gatini hapa, maji yalikuwa mafupi. Zilitia nanga nje, karibu kilomita 1.7, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakaenda na kurudi. Kisha bahari ikachimbwa hadi kina cha mita 13, gati la mita 450 likajengwa, na meli zikafunga ukutani.

Tuiweke diski mahali pa bandari hiyo. Nafasi, ile inayoandikwa kwa gigabaiti na terabaiti, ni ukubwa wa ghala. Muda wa safari ni muda wa tishari moja kutoka gatini, kufika melini na kurudi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Idadi ya safari ni matishari mangapi yanakamilisha mzunguko kila sekunde. Kwenye karatasi za wauzaji utaiona imeandikwa IOPS. Na shehena ni uzito wote unaofika gatini kwa sekunde, kwa diski ikihesabiwa kwa megabaiti.

Namba hizi nne hazifuatani. Ukipewa marobota ya mkonge, kilo 250 kila robota, tishari likajazwa, shehena itakuwa kubwa ingawa safari ni chache. Ukipewa kubeba barua, kila safari barua moja, matishari yatashinda baharini kutwa na jioni utakuwa umeleta kifurushi kisichojaza mkokoteni. Kunakili filamu ni marobota. Kanzidata, mchana kutwa, ni barua.

Ndiyo maana namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi, "megabaiti 550 kwa sekunde," haimsaidii mnunuzi wa diski ya kanzidata. Ni ya kweli, ila ni hesabu ya marobota.

Wengi huamini diski kubwa ina nguvu kubwa kama vile lori kubwa lina injini kubwa. Historia inaonyesha vingine. Diski ya kwanza kuuzwa pamoja na kompyuta, iliyotengenezwa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5. Kufikia mahali fulani ndani yake kulichukua kiasi cha milisekunde 600. Diski ya kuzunguka ya terabaiti 20 ya leo ina nafasi mara milioni kadhaa ya ile, lakini safari moja bado inachukua milisekunde 10 hivi. Ghala limekua mara milioni, tishari limeongeza mwendo mara 60 hivi tu.

Sababu ni ya kimaumbile. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na mzunguko mmoja unakula milisekunde 8 na ushei. Kichwa cha kusomea lazima kisogee mpaka mstari husika, kisha kingoje sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Ndiyo sauti ya panya niliyoisikia pale Ngamiani. Ukijumlisha kusogea na kungoja, unapata kama safari 80 hadi 150 kwa sekunde, iwe diski ni ya terabaiti 1 au ya 8.

SSD haina sahani wala kichwa, inahifadhi kwenye chipu. Safari yake ni sehemu ya kumi ya milisekunde au chini ya hapo, na ina matishari mengi yanayokwenda kwa pamoja: makumi ya maelfu ya safari kwa sekunde kwa zile zinazochomekwa kwa waya wa SATA, na mamia ya maelfu kwa zile za NVMe, njia mpya na ya kasi zaidi ya kuiunganisha SSD na kompyuta. Kwa kanzidata yenye watumiaji zaidi ya mmoja, sioni tena sababu ya kuiweka kwenye diski ya kuzunguka, labda iwe ya kumbukumbu za zamani zinazosomwa mara moja kwa mwaka.

Turudi kwa mzee wetu na sekunde zake 9. Niliandika amri iostat -x, inayopatikana kwenye seva nyingi za Linux, nikatazama safu inayoonyesha kila ombi la kuandika linasubiri muda gani. Milisekunde 230. Foleni ilikuwa na maombi 20 hivi. Hesabu inajieleza: safari moja milisekunde 12, mbele yako wamesimama 20, ngoja zamu yako. Lakini milisekunde 230 hazifiki hata robo ya sekunde. Sekunde 9 zilitoka wapi?

Nikafungua kumbukumbu za miamala. Risiti ya kawaida ya duka la jumla ina bidhaa kama 20. Programu yao, kwa kila bidhaa, ilikuwa inaandika mstari wa mauzo na kuthibitisha, yaani kungoja diski ijibu "Nimeandika," kisha inapunguza stoo na kuthibitisha tena. Mara 40 kwa risiti moja keshia alipelekwa kwenye diski na kurudi, na kila mara akapanga foleni upya: 40 mara 230. Na foleni yenyewe ilitoka kwenye ripoti ya stoo, ambayo mtu aliipanga ijiendeshe kila siku saa nne kamili, ikipitia mauzo yote tangu duka lilipoanza kutumia mfumo.

Hapo nikatambua kwamba kabla ya kununua chochote kulikuwa na mambo matatu ya bure. Ripoti ikahamishiwa saa nane usiku. Fundi wa programu akaombwa athibitishe mara moja kwa risiti nzima, jambo ambalo ndilo sahihi hata bila kuzungumzia mwendo, kwa sababu umeme ukikatika katikati hutaki nusu ya risiti ibaki kwenye vitabu. Na la tatu ni kumbukumbu ya muda, RAM. Seva ilikuwa na gigabaiti 16, lakini MySQL ilikuwa imeachwa kama ilivyotoka kiwandani, inatumia megabaiti 128 tu kuwekea kurasa inazozitumia mara kwa mara. PostgreSQL nayo huja na megabaiti 128. Watu hununua seva ya nguvu na kuiacha kanzidata inakula kwa kijiko. Tuliipandisha mpaka gigabaiti 10, na kurasa za bidhaa zinazouzwa kila siku zikakaa karibu, hazifuatwi tena diskini.

RAM huokoa safari za kusoma. Safari ya kuandika muamala haina njia ya mkato, lazima diski ijibu. Na anayesubiri jibu moja kabla ya kutuma ombi jingine hanufaiki na wingi wa matishari, ananufaika na ufupi wa safari. Mtu akikuuzia voliumu ya safari 16,000 kwa sekunde, muulize pia kila safari inachukua muda gani. Ikiwa ni milisekunde 5, keshia mmoja anayethibitisha mfululizo hatazidi miamala 200 kwa sekunde, hata matishari mengine yote yakiwa yamepaki.

Sasa twende kwenye wingu, maana huko ndiko taasisi nyingi zinakohamia, na huko ndiko mipangilio inakowachanganya watu zaidi.

Kwenye wingu hununui diski, unakodi voliumu na kuchagua aina kwenye orodha. Nitatumia mfano wa Amazon kwa kuwa aina zake zimeandikwa wazi. Aina yake ya zamani ya kawaida, gp2, ilikupa safari 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti. Voliumu ya gigabaiti 100 ilipata safari 300. Ukitaka zaidi, unaongeza ukubwa hata kama huna cha kuweka. Nadhani hapa ndipo imani ya "kubwa ndiyo ya haraka" ilipopata nguvu hata kwa mafundi: kwa aina hiyo ilikuwa kweli, lakini kwa sababu muuzaji alipanga bei hivyo.

Gp2 ilikuwa na jambo jingine lililowaliza wengi. Voliumu ndogo iliruhusiwa kwenda hadi safari 3,000 kwa muda, kwa kutumia akiba. Mfikirie mtu mwenye tenki la maji juu ya paa. Bomba la mtaani linaingiza kidogo kidogo, lakini tenki likijaa unaweza kufungulia mabomba yote ya nyumba na yakatoka kwa kishindo. Mpaka tenki liishe. Akiba ya gp2 ilikuwa safari milioni 5.4. Kwa voliumu ya gigabaiti 100 unaingiza 300 kwa sekunde na kutoa 3,000, kwa hiyo tenki linapungua 2,700 kila sekunde, na baada ya dakika 33 limekauka. Kulijaza tena bila kutumia chochote kunachukua saa 5. Ndiyo maana mfumo ulikuwa unakimbia ofisi inapofunguliwa na kukwama nusu saa baadaye, na wote wanaapa hakuna kilichobadilishwa. Aliyeujaribu kwa dakika kumi kabla ya kuununua aliuziwa mbuzi kwenye gunia bila mtu yeyote kumdanganya.

Mwaka 2020 ikaja gp3, iliyotenganisha mambo. Voliumu yoyote, ndogo au kubwa, inaanza na safari 3,000 na shehena ya megabaiti 125 kwa sekunde, na unaongeza kimoja bila kununua kingine. Hapa ndipo wahamiaji wanapokosea, kwa kutazama namba ya safari peke yake. Hebu tupige hesabu. Safari 3,000 za kilobaiti 8 ni kama megabaiti 24 kwa sekunde. Mchana, kwenye kazi za barua, megabaiti 125 hutazigusa. Lakini usiku nakala rudufu inaposomwa kwa vipande vikubwa vya kilobaiti 256, safari 500 tu zinatosha kumaliza megabaiti 125 zote. Safari 2,500 zimebaki na huwezi kuzitumia. Kazi zako za usiku zikichelewa mpaka zikaingia asubuhi, ongeza shehena, usiongeze safari.

Na utazame seva uliyoiunganisha nayo. Kompyuta za kukodi zina kikomo chao wenyewe cha kufikia hifadhi, na zile ndogo kikomo hicho ni cha chini. Ukilipia voliumu ya safari 16,000 ukaiunganisha na seva inayoruhusu 3,000, umejenga gati la kreni tano lenye geti moja la malori.

Halafu kuna umbali. Programu ikikaa Tanga na kanzidata ikakaa Ulaya, kwenda na kurudi kupitia waya wa baharini ni kiasi cha milisekunde 100 au zaidi. Diski ya nusu milisekunde haitasikika hapo. Iweke programu karibu na kanzidata yake kwanza, ndipo uhangaike na diski. Huu ndio wakati pekee katika makala haya ambapo mtandao una kosa.

Nimeuacha ukweli wa diski mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ndio unaoninyima usingizi. Diski ikisema "nimeandika," je, imeandika?

Diski nyingi za bei ya chini, za kuzunguka na SSD pia, zina kumbukumbu ndogo ya muda ndani yake. Data ikifika pale, diski inaweza kujibu mara moja kabla haijaandika mahali pa kudumu. Umeme ukikatika sekunde hiyo, kanzidata inaamini ina muamala ambao haupo, na mbaya zaidi, huenda kurasa zimeandikwa nusunusu. SSD zilizotengenezwa kwa ajili ya seva zina kapasita ndani, zinazoshikilia umeme wa kutosha kumalizia kuandika. Faida yake ni mbili: jibu lake ni la kweli, na ni la haraka, kwa kuwa ina haki ya kujibu mapema. SSD ya kawaida ya kompyuta ya mkononi, ikilazimishwa kusema kweli, hupunguza mwendo sana, na baadhi hupungua zaidi zikiandikwa mfululizo kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtu akikwambia SSD zote ni sawa, muulize kuhusu kapasita.

UPS, betri inayoishikilia seva umeme ukikatika, inasaidia, na kwa umeme wetu ni lazima. Lakini UPS haizuii mtu kujikwaa kwenye waya, wala haizuii pawasaplai ya seva kuungua.

Kuna na ushauri unaozunguka kwa mafundi, kwamba uzime fsync kwenye PostgreSQL na kila kitu kitakimbia. Kitakimbia kweli. Fsync ndiyo amri ya kuiambia mashine iandike mahali pa kudumu kabla ya kujibu. Ukiizima, umemwambia keshia aandike mikopo kwenye mchanga wa Raskazone. Ikiwa huna budi kupata nafuu, PostgreSQL ina mpangilio wa synchronous_commit, ambao ukizimwa unaweza kupoteza miamala ya mwisho kabisa seva ikianguka, lakini kanzidata yenyewe haiharibiki. MySQL nayo ina innodb_flush_log_at_trx_commit: 1 ni salama kamili, 2 inaweza kupoteza sekunde moja hivi ya kazi umeme ukikatika. Kwa mtandao wa matangazo ya msikitini ningekubali 2. Kwa fedha za watu na dawa za watu, kamwe.

Kuunganisha diski kadhaa, kunakoitwa RAID, kulielezwa kwenye andiko la watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1988. Kwa kanzidata unahitaji kujua aina mbili. RAID 10 inaandika kila kitu mara mbili kwenye diski mbili tofauti. RAID 5 inaokoa nafasi kwa kutunza hesabu ya kufidia diski moja ikifa, lakini kila andiko dogo linagharimu safari nne: kusoma data ya zamani, kusoma hesabu ya zamani, kisha kuandika zote mbili upya. Diski nne za safari 150 zinatoa maandiko 300 kwa RAID 10, na 150 tu kwa RAID 5, sawa na diski moja. Mnunuzi anayetazama nafasi huchagua RAID 5 kila mara, na keshia ndiye anayelipa.

Wala RAID si nakala rudufu. Ukifuta jedwali kwa bahati mbaya, RAID italifuta kwa uaminifu kwenye diski zote. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayowatunzia mafundi programu wanazoandika, ilifutiwa kanzidata yake kuu, kiasi cha gigabaiti 300, baada ya mhandisi kutoa amri kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kunakili, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma, iliyochukuliwa kwa bahati kwa ajili ya seva ya majaribio. Kuirudisha kukachukua takriban saa 18, kwa kuwa diski za seva hiyo ya majaribio zilikuwa za daraja la chini na mwendo wa pole. Piga hesabu ya kwako: gigabaiti 300 kwa megabaiti 125 kwa sekunde ni dakika 40, kwa megabaiti 40 ni saa 2 na dakika 5. Diski ya nakala rudufu nayo huchaguliwa kwa shehena, kwa ajili ya siku hiyo moja.

Mipangilio mingine ni midogo, naipita haraka. Kwenye Linux, mifumo ya kupanga faili ya XFS na ext4 yote inafaa, na uweke mpangilio wa noatime ili kusoma faili kusiandike tarehe bila sababu. Kwenye Windows yenye SQL Server, andaa voliumu kwa vipande vya kilobaiti 64. Kutenga voliumu ya daftari na ya data kulikuwa na maana kubwa kwa diski za kuzunguka. Kwa SSD faida iliyobaki ni kwamba kimoja kikijaa hakimzibi mwenzake pumzi. Lakini ukizitenga, picha za papo hapo za voliumu hizo, yaani nakala za voliumu kama zilivyo dakika hiyo, lazima zichukuliwe kwa wakati mmoja, la sivyo daftari na kitabu havitakubaliana siku ya kurejesha. Na usisubiri nafasi iishe: PostgreSQL ikikosa mahali pa kuandikia daftari husimama.

Pale Ngamiani, ripoti ilipohamishwa tu, risiti ilishuka chini ya sekunde moja kwa diski ileile ya zamani. SSD zilikuja wiki ya pili: mbili, za gigabaiti 480, zenye kapasita, zikinakiliana. Mzee alizishika mkononi, nyepesi kama boksi la kiberiti, akaniuliza kama kweli hizi ndogo ndizo zitakazochukua kazi ya ile nzito. Ile ya terabaiti 8 hatukuitupa. Iko chumba cha nyuma kwenye kompyuta nyingine, inapokea nakala rudufu kila usiku, kazi ya marobota inayoiweza vizuri. Na kando ya kaunta tumening'iniza daftari la shule. Kila Jumatatu saa nne na robo, keshia anaandika namba mbili anazozisoma kwenye skrini: ombi la kuandika linasubiri milisekunde ngapi, na nafasi iliyobaki. Mstari wa kwanza unasomeka 0.4, na 389.